Niko kadi: raundi moja ya karata na ugomvi wa tano au kumi

Raundi yenyewe haikuzidi dakika kumi. Ugomvi uliozaliwa ndani yake ulikula karibu nusu saa, na hata chai ya usiku ilipofika tulikuwa bado tumekodoleana macho, kila mtu ameficha kadi zake kifuani.

Ilikuwa usiku wa pili wa matanga ya babu, upande wa Mumias. Anayejua matanga ya huko anajua kwamba marehemu halali peke yake. Wazee huzunguka moto, akina mama hawatoki jikoni, na vijana wakishachoka kuimba hutafuta meza, taa na karata. Sisi tulipata kreti mbili za soda, tukazilalia ubao, na taa ya sola ambayo mwanga wake ulikuwa unaelekea kwisha. Tulikuwa wanne. Dada, binti ya mjomba, aliyetoka Nairobi mchana huo. Shemeji, aliyemwoa ndugu yangu, mtu mpole mpaka ashike karata. Kijana wa pale nyumbani, wa kidato cha tatu, ambaye pakiti ile ilikuwa yake. Na mimi. Zamu zilikwenda hivi: Dada, Shemeji, Kijana, mimi, kisha Dada tena. Mpangilio huo ushikwe vizuri, maana kila kosa lililofanyika linatokana nao.

Mchezo ni kadi. Wakenya wengi huuita poka, ingawa haufanani kabisa na poka ya kamari. Wanaocheza wanaweza kuruka aya hii na inayofuata. Kila mtu anagawiwa kadi nne, na unaweka kadi inayofanana na iliyo juu kwa namba au kwa aina: kopa, uru, shupaza, maua (vitabu husema pao, lakini sijawahi kumsikia mtu akisema pao kwenye matanga). Huna, unaokota moja na zamu inapita. Zenye namba inayofanana unaweza kuzishusha pamoja. 4, 5, 6, 7, 9 na 10 ni majibu, kadi za kawaida. 8 na Q ni maswali: ukiliweka swali ni lazima ulijibu mwenyewe papo hapo kwa kadi ya aina ileile, na maswali yakifuatana, jibu moja linatosha. J humruka anayefuata, K hugeuza mzunguko. 2 humwokotesha anayefuata kadi mbili, 3 tatu, joka (joker) tano. Aliyewekewa hujiokoa kwa kuweka yake ya kuokotesha juu, mzigo ukahamia kwa jirani, au kwa A, inayofuta deni. A ikiwekwa bila deni, mwenyewe anaomba aina anayoitaka, na pale nyumbani A hukaa juu ya kadi yoyote.

Huwezi kumaliza kwa kadi yenye nguvu. Mwisho wako lazima uwe jibu, na zamu moja kabla ya kumaliza useme kwa sauti: "Niko kadi." Tofauti na michezo mingine ya ukoo huu, niko kadi haimaanishi umebaki na kadi moja. Inamaanisha ulizo nazo zote zinaweza kushuka kwa mpigo mmoja. Mtu anaweza kuwa na tano na akawa kadi. Wageni wa mchezo huu huumia hapo.

Nitasimulia kama tulivyoijenga upya baadaye, kadi zote zikiwa zimefunuliwa juu ya ubao. Wakati wa mchezo mimi niliziona zangu tu.

Kadi ya kufungulia ilikuwa 5 ya shupaza. Mizunguko ya kwanza haina la kusimulia, ila 10 ya shupaza ilipita humo, nayo tutaihitaji mbele. Kisha Kijana akaweka A ya uru akaomba maua. Mimi sikuwa na ua hata moja, nikaokota, nikapewa 4 ya maua iliyochelewa. Dada akaifunga njia kwa A ya maua, akaomba uru. Shemeji akaweka 10 ya uru. Kijana akaifuata na 10 ya kopa, akatutazama mmoja mmoja kwa zamu, akasema taratibu, "Niko kadi."

Alikuwa na kadi mbili: Q ya maua na 6 ya maua. Swali na jibu lake. Alichohitaji ni aina igeuke maua, au mtu aweke Q yoyote.

Sasa zamu yangu. Nilikuwa na 2 ya kopa, 7 ya kopa, 8 ya uru, 5 ya uru na ile 4 ya maua. Mtu akisema niko kadi, damu huchemka. Mkono ukaenda wenyewe kwenye 2 ya kopa. Dada akaokolewa na 3 ya kopa. Shemeji, ambaye tangu jioni alikuwa akilalamika kwamba hapati kadi, akatoa joka la rangi akalibamiza kwenye ubao mpaka taa ikayumba. Mzigo wote ukamwangukia Kijana. Hakuwa na A, hakuwa na 2, hakuwa na 3.

"Okota kumi!" Dada akapiga kelele.

"Tano," Kijana akasema, akaanza kuhesabu.

Dada akamshika mkono. Nairobi, alisema, mzigo hujumlishwa: mbili yangu, tatu yake, tano ya joka. Kijana akasema hapa kwao mzigo hauongezeki, unabadilishwa tu. Kadi ya juu ndiyo inayosema. Shemeji, ambaye joka lilikuwa lake, alisema kwao Busia hujumlishwa 2 na 3 lakini joka husimama peke yake. Kwa hiyo tulikuwa na sheria tatu kwenye kreti mbili.

Anayecheka akumbuke kwamba ugomvi wa aina hii umewahi kuzaa mali. Mwaka 1971, huko Reading, jimbo la Ohio nchini Marekani, kinyozi mmoja aitwaye Merle Robbins alibishana na mwanawe juu ya sheria za mchezo wa nane (Crazy Eights), ambao ni ndugu wa damu wa kadi yetu. Akaamua kutengeneza pakiti yenye sheria zake zilizochapwa juu ya kadi zenyewe, akauita UNO. Familia ikachangishana dola 8,000, wakachapisha pakiti 5,000, akawa anaziuza kinyozini. Baadaye aliziuza haki zake kwa dola 50,000 pamoja na senti 10 kwa kila pakiti, na kiongozi wa kundi lililonunua, Robert Tezak wa Joliet, Illinois, alikuwa mtu wa biashara ya mazishi. Nilimweleza Shemeji habari hiyo pale matangani, akasema anajua ilikuwaje akauona mchezo: alikuwa akikesha na wafiwa.

Na sheria kuchapwa hakukumaliza neno. Mwezi Mei 2019 akaunti rasmi ya UNO kwenye Twitter ilitamka kwamba aliyewekewa +4 anaokota nne na zamu yake inapita. Hawezi kuweka +2 juu ili jirani aokote sita. Watu wakaijia juu kampuni kutoka pande zote za dunia. Wengi waliwajibu wenye mchezo kwamba hawaujui mchezo wao wenyewe. Basi ugomvi wetu wa Mumias ndio huohuo, ila sisi hatukuwa na akaunti rasmi ya kuitukana. Tulikuwa na mjomba mkubwa aliyekuwa akichunga moto. Aliitwa, akasikiliza pande zote akiwa amesimama, akauliza swali moja: "Karata ni za nani?" Kijana akasema zake. "Basi cheza kama mwenye karata." Akarudi kwenye moto wake.

Kijana akaokota tano.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu sote tulidhani tunagombania adhabu ya Kijana, kumbe tulikuwa tunagombania kama mimi na Dada tumecheza vizuri au tumecheza ovyo.

Chukua sheria ya Dada, ya kujumlisha. Kwa sheria hiyo 2 yangu ilikuwa jiwe la kwanza la maporomoko. Ilimkuta Dada akiwa na 3, ikawa tano. Ikamkuta Shemeji na joka, ikawa kumi. Kila mmoja aliongeza uzito. Sasa chukua sheria ya Kijana. Kwa sheria yake, 2 yangu haikumgusa Kijana hata kidogo. Ilimlazimisha Dada kutumia 3 yake ili ajiokoe, na 3 ya Dada ikamlazimisha Shemeji kutumia joka ili ajiokoe. Kadi tatu kali ziliondoka, na iliyomuumiza Kijana ni moja tu: ya yule aliyekaa kabla yake. Shemeji peke yake angeweza kufanya kazi yote. Mimi na Dada tulikuwa tumetupa silaha kwenye mto. Ndiyo maana Kijana hakutetemeka tulipokuwa tukizishusha moja baada ya nyingine kwa fujo. Alikuwa akihesabu zilizokuwa zikitutoka.

Na kulikuwa na njia ya bei rahisi. Kijana alikuwa ameomba maua mzunguko mmoja tu nyuma, mbele ya macho yetu. Mtu haombi maua kwa sababu anapenda maua. Juu kulikuwa na kopa. Ningeweka 7 ya kopa tu, aina isingegeuka, na Dada na Shemeji walikuwa bado na nafasi ya kuiweka mbali na maua kabla haijamfikia. Aliye nyuma ya mlengwa kwa zamu tatu, kama nilivyokuwa, kazi yake si kumpiga. Ni kutofungua mlango. Kumpiga ni kazi ya jirani yake. Mimi nilifanya kazi ya Shemeji nikiwa nimekaa kiti changu, na 7 ya kopa ikabaki mkononi. Ningejua!

Twende mbele. Joka likishalipwa, anayefuata anaanza na kadi yoyote. Hilo hata Dada alilikubali. Nikashusha 8 ya uru na jibu lake, 5 ya uru. Nikabaki na 7 ya kopa na 4 ya maua. Hili ninalitetea: kadi mbili zilitoka kwa mpigo, na maua sikuyagusa. Dada akaweka 9 ya uru, na juu yake 9 ya shupaza, akabaki na kadi moja. "Niko kadi."

Shemeji alikuwa na A ya kopa, J ya maua na 5 ya kopa. Alijua ni lazima aitoe shupaza, maana aliye kadi hujitahidi kuacha juu aina aliyobaki nayo. Akaweka A. Mpaka hapo safi. Kisha akaomba maua, kwa sababu alikuwa na J ya maua inayomkaa kooni. J haimalizi mchezo, na alitaka pa kuitupia. Sababu yake naielewa, lakini Kijana ndiye aliyemfuata, na ni Kijana yuleyule aliyeomba maua. Sote tulikuwa tumesahau. Mtu akishaokota kadi tano tunamwona kama amekufa.

Hakuwa amekufa. Tano alizookota zilikuwa 8 ya maua, 6 ya shupaza, 6 ya kopa, K ya kopa na 2 ya uru. Ukichanganya na zake mbili za mwanzo unapata kitu kizuri sana. Akaweka Q ya maua, swali. Juu yake 8 ya maua, swali lingine. 6 ya maua, jibu. Kisha 6 ya shupaza na 6 ya kopa juu. Kadi tano kwa zamu moja, kutoka saba hadi mbili, na akazipanga 6 zake ili ya mwisho isiwe shupaza. Watu wa kwenye moto waligeuka kuangalia tulivyopiga kelele.

Lakini tazama alizobaki nazo: K ya kopa na 2 ya uru. Zote zina nguvu, hakuna jibu hata moja. Wanaoanza kadi huzikumbatia K, 2 na joka kama pesa za akiba. Mwisho wa raundi hugeuka madeni, na Kijana alikuwa amebaki na madeni matupu. Zile 6 tatu ndizo zilizokuwa mali yake, naye alizitumia zote. Ningekuwa yeye ningebaki na moja? Nimelifikiria sana, na sidhani. Dada alikuwa kadi. Kupunguza haraka kulikuwa na maana. Ila asingeweza kushinda hivi karibuni, na mimi nilipaswa kuliona hilo, kwa sababu hakusema niko kadi. Kimya chake kilikuwa habari.

Zamu yangu ya mwisho. Juu 6 ya kopa. Mkononi 7 ya kopa na 4 ya maua. Nikaweka 7, nikasema "Niko kadi" kwa sauti ya mtu anayeona ushindi. Dada hakuniacha nimalize sentensi. 7 ya shupaza, ikalala juu ya yangu. Mchezo umekwisha.

Kwa siku mbili nilijiambia kwamba ile ilikuwa bahati mbaya. Nimeihesabu, na haikuwa bahati mbaya. Dada alisema niko kadi akiwa na kadi moja, kwa hiyo ni jibu. Alifunga kwa shupaza, kwa hiyo huenda ni shupaza. Majibu ya shupaza ni sita: 4, 5, 6, 7, 9, 10. Ya 5 ilifungua mchezo. 10 ilipita mapema. 9 ameiweka mwenyewe. 6 imeshushwa na Kijana sekunde chache zilizopita. Zimebaki mbili ambazo hatujaziona, 4 na 7. Na mimi nina nini? 7 na 4. Kama kweli ameshika shupaza, 7 yangu ilikuwa ni kurusha shilingi juu: nusu kwa nusu ninampa mchezo.

Nilichopaswa kufanya hakina raha yoyote: kuokota kadi moja huku nina ya kuweka. Sheria inaruhusu, fahari ndiyo inayokataa. Juu ingebaki 6 ya kopa. Dada na 7 yake ya shupaza asingekuwa na pa kuiweka, angeokota, na ukadi wake ungekwisha. Shemeji alikuwa na J na 5, hakuwa tishio kwa zamu hiyo. Kijana alikuwa na madeni yake. Kadi moja ya ziada ndiyo bei ya kubaki hai, na mimi nikaiona ghali.

Jambo la mwisho tuliligundua tulipofunua rundo. Baada ya Kijana hakuna aliyeokota tena, kwa hiyo kadi tano zilizofuata zilikuwa bado pale pale juu, zilezile ambazo angezichukua kama Dada angeshinda ule ugomvi. Tulizipanga kwenye ubao: 4 ya shupaza, K ya shupaza, J ya uru, 3 ya maua, 10 ya maua.

3 ya maua. Shemeji alipoomba maua, Kijana angekuwa nayo mkononi. Angeiweka, mimi ningeokota tatu kwa sababu sikuwa na cha kujitetea, na Dada angekutana na 3 ya maua akiwa ameshika 7 ya shupaza. Sisemi kwamba Kijana angeiweka. Pengine ule mteremko wa 6 ungemvutia zaidi. Lakini kadi ya kumzuia Dada ilikuwa ndani ya zile tano alizozipigania zitoke. Dada angepewa kumi alizozililia, angempa Kijana kisu.

Dada aliziangalia zile kadi kwa muda. Kijana alikuwa tayari anachanganya, na safari hii aliuliza kabla ya kugawa kama tunajumlisha.

"Hatujumlishi," Dada akasema. "Si mjomba ameshasema?"